Kumkiri Kristo hadharani: uanzie wapi, useme nini, na Jumatatu uishije

Kijana mmoja alisimama mbele ya usharika wetu Jumapili ya mavuno, akapewa maikrofoni, akasema ameokoka. Vigelegele vikapigwa, kwaya ikaingia na pambio, mwinjilisti akamkumbatia. Mama mmoja wa benchi la tatu hakupiga hata kofi moja. Nilikuwa mzee wa zamu siku hiyo, nikamwona. Baada ya ibada nilimuuliza kulikoni, akanijibu bila kupaza sauti: "Mzee, huyo namdai elfu themanini za mkaa tangu Pasaka. Nikipiga simu hapokei."

Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku ile, kila anayekuja kuniuliza namna ya kutoa ushuhuda namwambia safari yetu inaanzia kwa mama wa mkaa, na maikrofoni tutaikuta mbele ya safari. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa utaratibu huo. Anayetaka kuruka moja kwa moja kwenye ushuhuda aruke, lakini namwonya kwamba kwenye benchi la tatu kuna mtu anamtazama.

1. Jua unatangaza nini

Watu watatu wanaweza kusema "nataka kumkiri Kristo", na kila mmoja akawa na njia yake.

Wa kwanza hajawahi kubatizwa. Akienda kwa Wakatoliki, ataandikishwa kwa katekista na kuingia ukatekumeni. Mafundisho hayo mara nyingi hufika mwaka au zaidi, na kwa kawaida watu wazima hubatizwa Mkesha wa Pasaka, wakapewa kipaimara na komunyo usiku huohuo. Kwa Walutheri, Waanglikana na Wamoravian kuna darasa la ubatizo la watu wazima. Muulize mwinjilisti wa mtaa linaanza lini. Wapentekoste na Wasabato hufundisha kwanza, kisha hubatiza kwa maji mengi: kisima cha kanisa, mto, ziwa au bahari. (Beba nguo za kubadilisha na taulo. Unacheka, lakini nimeona watu wazima wakitetemeka kando ya mto kwa sababu kila mtu alikumbuka kamera na hakuna aliyekumbuka khanga.)

Wa pili alibatizwa akiwa mtoto, amekulia kanisani kama anavyokulia nyumbani kwao, na sasa ndiyo imani imeamka. Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana hawambatizi tena mtu aliyekwisha kubatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kwao njia ni kuungama, kupata kipaimara kama hukukipata, na kurudi kwenye meza ya Bwana. Wapentekoste na Wasabato hawahesabu ubatizo wa utotoni, hivyo wanakubatiza. Lijue hilo mapema, kwa sababu mama yako aliyekubeba mpaka kwenye kisima cha ubatizo anaweza kulisikia kana kwamba unamwambia alifanya kazi bure. Mwambie wewe mwenyewe, asilisikie sokoni.

Huyu wa pili atafute pia cheti chake cha ubatizo. Kama kimepotea, aende parokia au usharika alikobatizwa, akiwa na majina ya wazazi na mwaka kwa kukadiria; daftari la ubatizo hutunzwa. Wakatoliki huandika kando ya jina lako hata kipaimara na ndoa, kwa hiyo daftari hilo linakujua kuliko unavyodhani.

Wa tatu anatoka dini nyingine. Yake yako kwenye hatua ya nyumbani, maana huko ndiko kwenye uzito.

Wote watatu wana haki mbele ya sheria. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 19, inasema mtu ana uhuru wa kuchagua dini, na Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza mtu kunyimwa kazi au huduma kwa sababu ya imani yake. Haki hiyo anayo pia jirani yako asiyetaka kusikia habari zako. Tutafika huko.

2. Lipa kabla hujasema

Wazee wetu waliliweza jambo hili. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, ukavuka mpaka Burundi, Kenya na Tanganyika, ndio uliotuachia neno "mlokole", kutoka Balokole ya Kiganda, yaani waliookoka. Wakikutana waliimba Tukutendereza Yesu, na mpaka leo ukiuanza wimbo huo kituo cha basi Bukoba au Kabale utapata wa kukuitikia. Lakini majirani hawakushangazwa na wimbo. Walishangazwa na watu kurudisha vitu: mtu anamwendea tajiri wake wa zamani na jembe aliloiba, mwingine anakwenda kulipa deni ambalo mwenye deni mwenyewe alikwisha kulisahau. Walikuwa wanamfuata Zakayo wa Luka 19, aliyetaja kiwango cha marejesho, mara nne, kabla hajaulizwa.

Chukua daftari. Ukurasa ugawe mara tatu: nani, nini, lini. Usiandike "watu wote niliowakosea". Andika majina. Kisha shughulika na kila jina kwa namna yake.

Deni la fedha ndilo jepesi, ingawa linaogopwa kuliko yote. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe wa simu. Sema hivi: "Mama, nilichukua mkaa wako wa elfu themanini, nikakukimbia. Nimekosa. Leo nina ishirini, na kila mwisho wa mwezi nitaleta ishirini." Kisha nyamaza. Akitaka kukusema, akuseme. Usiongeze kwamba umeokoka ili upunguziwe. Huo ni mnada. Andikishaneni kwenye karatasi. Kijana wetu alilipa kwa awamu nne, na ya tatu ilichelewa wiki mbili, lakini safari hiyo alipiga simu mwenyewe kusema itachelewa. Mama aliniambia simu ile ilimgusa kuliko hela.

Kama anayekudai amekufa, wapelekee warithi wake. Huna unapowapata? Zungumza na mchungaji wako mahali pa kuipeleka hiyo fedha, na usiiache ikakaa mfukoni kwa jina la maombi.

Uliiba kwa mwajiri, au mali ya umma? Hapo tembea taratibu, lakini tembea. Kukiri kunaweza kukupeleka polisi, na hakuna anayeweza kukuahidi vinginevyo. Pata ushauri wa mwanasheria, hata wa kituo cha msaada wa kisheria, kabla ya kuandika barua. Na jua unamwambia nani. Padri amefungwa na siri ya kitubio, hawezi kuitoa kwa mtu yeyote. Kikundi cha maombi cha Jumatano hakijafungwa na kitu. Nimeona ombi la maombi likizunguka mtaa mzima kwa siku mbili, kila anayelipeleka akisema "tumwombee".

Mtoto uliyemkataa ni jambo jingine kabisa. Ukisimama kanisani kusema Yesu amekupa amani, na kuna mtoto wa darasa la nne anayejaza fomu ya shule akiacha nafasi ya baba wazi, amani hiyo ni ya upande mmoja. Tanzania tuna Sheria ya Mtoto ya 2009 inayompa haki ya matunzo, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako itawasaidia kukubaliana kiasi bila kufika mahakamani. Anza na ada na daftari. Mapenzi ya mtoto usiyadai. Yatakuja kwa wakati wake au yasije.

Kuna pia wanaoishi pamoja bila ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 huwachukulia kama mke na mume wakishakaa miaka miwili au zaidi wakijulikana hivyo, hadi ithibitishwe vinginevyo. Kanisa linataka kiapo, na makanisa mengi hayatawapa Meza ya Bwana mpaka ndoa ibarikiwe. Wengi huahirisha miaka kumi wakingoja ukumbi, suti na gari la kukodi. Ndoa ya kanisani inahitaji matangazo, mashahidi na mchungaji. Mnaweza kufungishwa baada ya ibada ya kwanza na saa saba mkawa nyumbani mnakula pilau.

Na mwenye wake wawili? Usimfukuze mke ili upate cheti cha ubatizo. Waanglikana walilikalia jambo hili kwenye Mkutano wa Lambeth wa 1988, wakakubali kwamba mume wa wake wengi anaweza kubatizwa na kupewa kipaimara pamoja na wake na watoto wake wanaoamini, akiahidi kutooa tena, bila kulazimishwa kuwaacha wake zake, na kanisa la mahali pale likikubali. Makanisa mengine yana taratibu zake, kwa hiyo uliza. Ila mchungaji akikwambia umwondoe mama wa watoto wako akalale wapi, muulize naye atamlaza wapi.

3. Nyumbani kwako, kwa watu wa kwenu

Katika Marko 5 kuna mtu aliyeponywa pepo, akamsihi Yesu apande naye chomboni. Angekuwa shahidi wa kuzunguka naye kila mji! Akakataliwa, akaambiwa arudi nyumbani kwake, kwa watu wa kwao. Nadhani ndicho kituo kigumu kuliko vyote, kwa sababu nyumbani hawasikilizi maneno yako. Wanakumbuka ya juzi.

Mwambie mwenzi wako kwanza, jioni tulivu, televisheni ikiwa imezimwa. Maneno machache: nimeamua nini, kwa nini, na kitu gani kitabadilika humu ndani kuanzia kesho. Hilo la mwisho ndilo wengi hulisahau. "Nimeokoka" kwa mke anayepigwa maana yake ni moja tu, na ataihesabu kwa siku. Akikujibu "tutaona", usinune. Ni jibu la haki.

Wazazi wa imani nyingine waendee kwa heshima ya kwenu. Kama desturi ya nyumbani ni kupitia kwa shangazi au mjomba, pitia huko. Kwa anayetoka familia ya Kiislamu, haya ninayoyasema nimeyasikia kwa waliopitia: usichague Ramadhani wala Idi kulisema hilo. Sema ulichokipata, usitaje kasoro za ulikotoka, na neno "giza" liache kabisa, maana huyo unayemwambia umetoka gizani ndiye aliyekulea. Usibandike picha ya ubatizo kwenye stetasi ya WhatsApp kabla mama hajaambiwa. Endelea kutoa shikamoo, endelea kwenda kwenye misiba yao, na futari ukikaribishwa kaa ule. Baba akisema "toka kwangu", toka bila kubamiza mlango, na umpigie simu baada ya wiki.

Kama kuna hofu ya kweli ya kupigwa, kufukuzwa au kukatiwa ada, usikurupuke. Kuwa na pa kulala palipokubaliwa mapema, uwe na cheti chako cha kuzaliwa na kitambulisho mkononi, na mtu mzima mmoja wa kanisa anayejua siku unayolisema. Aliye chini ya miaka kumi na minane asisukumwe na mtu yeyote. Katika Yohana 3, Nikodemo alikwenda kwa Yesu usiku, na hakukemewa kwa saa aliyochagua. Mwishoni mwa Injili hiyohiyo ya Yohana, wanafunzi wengine wametawanyika, yeye anaonekana amebeba manemane na uudi kwa maziko.

Neno kwa ndugu zetu walio kazini Ghuba. Oman ina makanisa kwenye maeneo yaliyotengwa, Muscat huko Ruwi na Ghala, na ibada ndani yake ni halali. Kuhubiri nje yake, au kumshawishi Mwislamu abadili dini, kunakuweka upande mbaya wa sheria. Saudi Arabia haina kanisa hata moja. Huko imani yako itasemwa na jinsi unavyomtunza mzee wa nyumba hiyo.

4. Andika ushuhuda wako

Uandike. Wanaosema "Roho ataniongoza" huongozwa dakika ishirini na tano, na mama wa jikoni anaona wali unaungua. Upande mmoja wa karatasi ya daftari, ukisomwa taratibu, ni dakika tatu hivi. Zinatosha.

Anza kwa salamu ya nyumba hiyo. "Bwana Yesu asifiwe" kwa Walutheri na walokole, "Tumsifu Yesu Kristo" kwa Wakatoliki. Hao watakujibu "Milele amina". Kisha sema ulivyokuwa, kilichotokea, na ulivyo sasa. Kilichotokea ndicho kipewe nafasi kubwa. Wengi hufanya kinyume: dakika kumi za vilabu, wanawake na bangi, kwa utamu ambao vijana wa nyuma wanatega sikio, kisha nusu dakika ya Yesu.

Tazama mfano wa kwanza: "Nilikuwa mlevi sugu, nilikuwa natembea na mke wa mtu hapo mtaa wa pili, mnamjua, anauza vitenge. Lakini Bwana akanitoa!"

Huyu ameungama dhambi ya mtu mwingine. Mwenye vitenge hakuomba maikrofoni, ana mume, ana watoto wanaosoma shule moja na wa kwako. Kosa hili ndilo limevunja nyumba nyingi kuliko yote ninayoyajua katika ushuhuda, na linafanywa na watu wenye nia njema. Wandugu wa Uamsho walipenda kusema juu ya "kutembea nuruni", na ni neno zuri, lakini nuru hiyo ujimulike wewe. Dhambi yenye mtu wa pili ndani yake iungamwe kwa padri au mchungaji, na kwa uliyemkosea. Kanisani sema "nilikosa uaminifu katika ndoa yangu", na hata hilo baada ya mwenzi wako kukuruhusu.

Sasa mfano wa pili: "Nilikunywa kwa miaka tisa. Mshahara uliishia kwenye kaunta. Mwezi wa tatu mwanangu alirudishwa nyumbani kwa ada, akanikuta nimelala mlangoni, akanivua viatu, akanifunika. Niliamka nikaona viatu vimepangwa. Nilikwenda kwa mwinjilisti siku hiyo. Sijagusa pombe kwa miezi mitano. Bado naitamani, hasa Ijumaa. Naomba mniombee Ijumaa."

Huyu hakusema kwamba kila kitu kimekwisha. Wasikilizaji wanajua wamwombee siku gani. Na viatu vile kila mtu ameviona.

Mambo machache ya kuangalia kabla ya kumpa mchungaji akusomee: usiseme umepona ugonjwa kama hujapimwa tena, na kamwe usimwambie mtu aache ARV au sindano za kisukari kwa sababu wewe umeombewa. Usiliseme vibaya dhehebu ulilotoka. Usitaje kiasi cha sadaka ulichotoa kabla ya kupata kazi. Na kama ulikuwa mganga au mteja wa mganga, usieleze dawa ilichanganywaje.

5. Siku yenyewe

Hapa sina mengi. Vaa nguo safi ulizozizoea. Jina la ubatizo si lazima litoke Ulaya. Sheria za Kanisa Katoliki za 1983 zinataka tu lisiwe jina lisilopatana na hisia za Kikristo, kwa hiyo Neema, Baraka au jina la bibi yako yanafaa kabisa. Ukitaka jina jipya liingie kwenye kitambulisho na vyeti vya shule, hiyo ni safari nyingine ya kiapo na ofisi, na cheti cha ubatizo peke yake hakitoshi.

Alika wale waliokuwa kwenye daftari lako la madeni. Wakija, wakalishe mbele.

6. Jumatatu

Muuza viazi aliyebatizwa jana anaamkia gunia la lumbesa. Gunia limepandishwa kofia mpaka linakaribia kuwa mawili, mkulima analipwa kwa moja, na kila mtu sokoni anafanya hivyo. Hakuna mahubiri yatakayomsaidia hapo kama hana mizani. Anunue mizani, anunue kwa kilo, na ajiandae kununua kwa bei ya juu kuliko wenzake kwa miezi kadhaa mpaka wakulima wajue. Wakishajua, watamtafuta yeye kwanza. Lakini hiyo miezi ya kati ni ya njaa kidogo, na kikundi chake cha kanisa kinapaswa kulijua hilo mapema kuliko kumletea zawadi ya Biblia ya pili.

Ofisini, rushwa haiji ikijitambulisha. Inaitwa chai, ya vocha, ya maji. Jizoeze sentensi moja isiyo na hotuba: "Hii siwezi kupokea, lakini faili lako nitalishughulikia leo." Kisha lishughulikie kweli siku hiyo, maana kukataa chai na kuchelewesha faili ni kumwadhibu mtu kwa uaminifu wako. Ukibanwa na mkubwa wako ili ule naye, andika tarehe na maneno. Simu ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa Tanzania, ni 113, na haina malipo.

Mwenye kaunta ya huduma ya umma asimhubirie anayesubiri muhuri. Huyo hayuko huru kuondoka. Mwenzako wa kazi akikuuliza mwenyewe kwa nini siku hizi huendi nao Ijumaa, mjibu. Petro alisema tuwe tayari kumjibu aulizaye, na akaongeza "kwa upole", ingawa nusu hiyo ya pili hunukuliwa kwa nadra. Na spika ya kanisa ikielekezwa dirishani kwa jirani mwenye mtoto mchanga, sauti itafika ila habari njema haitafika.

Sala na Neno sitavifundisha hapa. Mchungaji wako yupo. Nitasema tu usikae peke yako. Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele katika miaka ya 1970. Wengine tuna nyumba kwa nyumba, seli, au ushirika wa Alhamisi. Nenda hata siku ambayo ni watu watano na chai haina sukari.

7. Harusi, msiba na tambiko

Hapa ndipo ukoo utakapokupima. Kwenye mahari kuna mbege au bia, kwenye msiba kuna mila za kuvunja tanga, na mwaka hadi mwaka kuna tambiko la ukoo ambalo wewe, pengine kifungua mimba, una kazi yake.

Kanuni yangu ni ya mikono: jiulize mikono yako inafanya nini. Kuchimba kaburi, kubeba maji, kuchangia mchele, kulala matangani na wafiwa, hayo fanya kuliko walivyokuzoea. Kumwaga pombe kwa mizimu au kuongoza maneno ya tambiko, mwambie mkubwa wa ukoo mapema, faragha, ampe mwingine. Usingoje siku yenyewe ukakataa mbele ya watu huku kibuyu kiko mkononi mwake. Kwenye kinywaji cha mahari pokea kibuyu kwa mikono miwili, mkabidhi ndugu yako anywe kwa niaba yako, na uombe soda. Wazee wengi wanalielewa hilo. Wanachokichukia ni dharau.

Kuna nyakati halieleweki. Katika Kenya ya Mau Mau, miaka ya 1950, wandugu wa Uamsho miongoni mwa Wakikuyu walikataa kula kiapo cha wapiganaji hao waliopinga ukoloni, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kuichanganya na nyingine. Baadhi waliuawa. Wengi wao walikataa pia bunduki za serikali ya kikoloni walizopewa wajilinde nazo, na hapo wakashukiwa na pande zote mbili. Nawataja kwa sababu hawakuwa wamejiandaa kwa siku ile kwa hotuba. Walikuwa wamejiandaa kwa kurudisha majembe.

8. Ukianguka

Utaanguka, au utateleza. Usilifiche mpaka Pasaka. Ndani ya wiki hiyo nenda kwa yule mtu mmoja, padri, mchungaji au mzee, ulitaje kosa kwa jina lake: nimekunywa, nimechukua, nimepiga. Kama kuna uliyemkosea, fungua tena daftari lile, ukurasa mpya. Kama ni ulevi, maombi yaende pamoja na hospitali. Mwili ulioacha pombe ghafla baada ya miaka mingi unaweza kupata degedege, na hilo ni la daktari.

Huko kwetu Kilutheri kuna utaratibu wa kurudi kundini. Unazungumza na mchungaji, unahudhuria mafundisho mafupi, kisha Jumapili moja mnaitwa mbele, mnaulizwa maswali machache, mnajibu, mnawekewa mikono, na mnashiriki Meza ya Bwana. Watu wanauogopa kwa sababu ya aibu ya kusimama pale. Inadumu dakika tano.

Kijana wa mkaa alirudi kundini mwaka wa pili. Alikuwa ameanguka kwenye pombe, akapoteza na kazi ya kupakia magari. Safari hii hakupewa maikrofoni wala hakuiomba. Alijibu maswali kwa sauti ndogo kiasi kwamba mchungaji alimwomba arudie. Aliposhuka, viti vya mbele vilikuwa vimejaa, akabaki amesimama katikati ya njia. Mama wa benchi la tatu akavuta mkoba wake, akasogea.